Tulivyomwezekea Mgeni Nyumba ya Kale

Huku kwetu Keza bati limejaa hadi bondeni, lakini uani kwangu ilibaki nyumba moja ya msonge, ile ya duara, yenye nyasi kuanzia chini hadi kileleni. Aliijenga baba mkwe. Niliingia humo nikiwa bibi harusi, nikazalia humo. Majina ya wote waliobeba nguzo zake ninayo kichwani, ila siyaandiki; wengine wako hai na wana maneno.

Tatizo lilikuwa nguzo. Mchwa walizila kwa ndani, ukigonga unasikia kama umegonga mtungi. Siku hizi mti mgumu huendi kujikatia msituni, unanunua, na sisi tunauza maharage tu. Mwanangu mkubwa akataka kubomoa ajenge ya tofali palepale. Nikamwomba angoje, maana mwenyekiti wa kijiji alitutangazia mkutanoni kwamba halmashauri imetenga fungu la kutunza vitu vya kale. Akasema sawa mama, lakini wakikataa, anabomoa kabla ya masika.

Tukaomba. Likaja neno kwamba afisa utamaduni atafika Jumanne kuiona nyumba.

Sasa, mgeni anakuja, na paa lina mashimo. Wifi yangu akasema mtu wa serikali haonyeshwi upara. Basi Jumapili alfajiri wanawake tukaingia porini kukata nyasi. Jirani yetu mzee, fundi wa kuezeka, akapanda juu na mgongo wake mbovu. Tukasiriba kuta za ndani, tukapaka sakafu samadi ya ng'ombe, tukatandika nyasi mbichi. Jumatatu jioni nyumba ilikuwa inang'aa, na sisi tumejaa vumbi na majivuno.

Afisa alikuja kwa bodaboda, binti wa umri wa wajukuu zangu. Akaniamkia vizuri, akanyonya pombe ya ndizi kwa mrija, akashukuru. Kisha akaizunguka nyumba, akatoa simu, akaangalia picha aliyotumiwa na mwenyekiti, akaizunguka tena.

"Bibi, mimi nimekuja kuona nyumba ya kale. Hii ni mpya."

"Ni hiyohiyo, mwanangu."

"Ya kwenye picha ina mashimo."

"Tumeyaziba. Ungeyakuta ungesema tumekukaribisha zizini."

Wifi naye akadakia, "Kwani wewe siku ya kuchumbiwa ulitoka na kanga ya jikoni?"

Binti akacheka, lakini akasema fungu ni la vitu vya kale, na hawezi kupiga picha nyasi za jana akaandika ni za miaka mingi. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mgomba. Akaanza kupima uwanja kwa hatua.

Nikamwambia binti kwamba nyasi hazikai. Tangu enzi za baba mkwe tumezibadilisha kila zilipochoka, na mimi nilizikata nikiwa na mtoto mgongoni, kila mtoto kwa zamu yake. Tungezingojea zizeeke, hata hiyo nyumba asingeikuta.

Binti akauliza nani kaezeka. Tukamwonyesha mzee. Akamuuliza ni wangapi wengine kijijini wanaojua kazi hiyo. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, akajihesabu mwenyewe, akaishia hapo.

Hapo binti akatoa kalamu. Akasema nyasi hawezi kuziombea fedha, ila kazi ya kuezeka anaweza, pamoja na nguzo, mradi vijana wafundishwe, naye aone kwa macho yake inavyofanyika toka mwanzo. Akauliza kwa upole kama tungeweza kuezeka tena.

Mzee akatafuta kigoda, akakaa. "Mwanangu," akasema, "kwa nini hukuja Jumamosi?"

Halmashauri ilikubali. Nguzo zililetwa kwa trekta, ngumu, hata msumari unakataa. Tukazivua zile nyasi nzuri, wifi akinung'unika kila fungu linaloanguka, mbuzi wakila bila aibu. Binti akapiga picha zake mpaka simu ikazima.

Na vijana walipokosekana wa kutosha, maana wengine walikuwa mnadani, mwanangu akavua viatu akapanda. Mimi nilikuwa chini nampa kamba. Mzee alikuwa juu anamgombeza kwamba lile fundo lake ni la kufungia mbuzi, alifungue aanze upya.