Jogoo Aliyepewa Utepe

Nakumbuka asubuhi moja ya masika nilipomchinja kuku asiye na kosa, nikanawa mikono, nikarudi ndani kusoma kitabu. Alikuwa wa pili kwa wiki ile.

Mwanangu, barua yako nimeipata. Unasema huu ni mwaka wa tatu tangu mfunge ndoa, mtoto hajapatikana, na wazee wa ukoo wameanza kukushauri umrudishe mkeo kwao. Unataka kauli yangu kwa kuwa mimi ni msomi. Usomi wangu ndio uliowachinja wale kuku. Tulia nikusimulie, maana jibu lako limo humo.

Waingereza walikuwa bado wanatutawala, nami nilikuwa nimetoka chuoni ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, na cheti kizito kuliko akili yangu. Nikarudi kwenye kibanja cha baba, huku Muleba, kungoja kazi. Kahawa ilikuwa ya baba, migomba ilikuwa ya mama, na mimi nilitafuta kitu cha kukiendeleza ili watu wajue kwamba nimesoma. Nikaona kuku.

Nikaagiza kuku wa kizungu, jogoo mmoja na mitetea mitatu. Walishushwa Kemondo kutoka kwenye meli, nikawapandisha milima kwa baiskeli, wao wakilalamika nyuma na mimi mbele. Walikuja na kitabu. Kitabu kilisema kwamba fahari ya aina ile ni kilemba: si kile cha kusimama chenye meno kama msumeno, bali bapa, kimelala kichwani kama kofia, kimejaa vinundu kama buni zilizobanana kwenye tawi. Mwenye msumeno, kitabu kilisema, asizalishwe.

Aliyewatunza hasa ni shangazi Kokugonza, dada mkubwa wa baba. Aliolewa Rubafu, akakaa huko miaka saba, akarudishwa kwa sababu hakuzaa. Alirudi na kikapu kimoja, akapewa chumba kando ya jiko, na kuku wote wa nyumbani wakawa mikononi mwake. Siku hizo wanawake wa kwetu hawakula kuku wala mayai, kwa hiyo aliwalea ndege maisha yake yote bila kuonja hata mchuzi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, husema Waswahili. Shangazi alivaa kamba hiyo hata kwao alikozaliwa.

Mwaka wa kwanza mitetea ile iliangua vizuri sana. Vifaranga vingi vilikuwa na kilemba bapa, lakini vichache vikatoka na msumeno. Walipokua nikatoa amri: wenye msumeno wote waingie chunguni.

"Wote?" akauliza shangazi.

"Wote. Damu safi haichanganywi."

"Lakini waitu, mwana wetu, baba yao mmoja, mama zao hawa hawa. Hiyo damu nyingine wameitoa wapi?"

Nikamwambia kwamba hayo ni mambo ya kitabuni. Ndivyo wasomi tunavyosema tukibanwa.

Yule jogoo baba yao naye nikamuuza, maana miongoni mwa wanawe alikuwa ametokea kijana mzuri kupita kiasi. Kifua mbele, mkia kama moshi, na kilemba bapa kisicho na dosari. Nikamwita Gavana, nikamkabidhi mitetea yote mitatu.

Mtetea wa kwanza akaatamia mayai kumi na mawili. Siku ishirini na moja zikapita, hakuna hata mlio mmoja. Nikamchinja. Wa pili vivyo hivyo, naye nikamchinja. Mimi na baba tuliwala kwa ndizi. Wala sikukumbuka kwamba mwaka uliotangulia kuku hao hao walilijaza banda.

Saa chache baada ya kumchinja wa pili, wa tatu naye akatimiza siku zake bila kifaranga. Nikashika kisu tena. Nilimkuta shangazi amekaa mlangoni pa jiko, amempakata.

"Nipe, shangazi. Huyu naye mgumba."

Neno lilikwisha kutoka, mwanangu, na neno halirudi kama kuku jioni. Shangazi hakuinua macho. Aliendelea kumpapasa yule ndege mgongoni.

"Mgumba," akasema polepole. "Nani kakuambia?"

"Mayai yenyewe. Yameviza."

"Basi leta moja."

Nikaleta. Akalipasua kwenye kipande cha jani la mgomba, akanisogezea chini ya pua. "Viza linanuka. Hili linanuka?"

Halikunuka. Ute ulikuwa umelegea, lakini hapakuwa na harufu wala hata uzi wa damu.

"Kuku akiyaacha mayai yakapoa, mtoto hufia ndani, na pua yako itakuambia," akasema. "Humu hajafa mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuingia. Huyu amekaa siku ishirini na moja juu ya mayai matupu, na wewe unamletea kisu."

"Kwa hiyo unamsingizia Gavana? Jogoo mzuri namna ile!"

"Mume wangu wa Rubafu naye alikuwa mzuri. Akiimba kanisani, hata mchungaji aligeuka kumtazama." Sasa akaniangalia. "Baada yangu ameoa wawili. Wote wapo pale, na hakuna hata mmoja anayeitwa mama. Mimi nilipelekwa kwa waganga wanne. Yeye hakuna aliyemuuliza hata kama amelala salama."

Nilisimama na kisu changu kama mtu aliyealikwa harusini akafika siku ya matanga.

"Niachie huyu miezi miwili," akasema. "Asipoangua, mchinje, nami nitakunyonyolea manyoya."

Nikakubali, si kwa kushawishika, bali kwa sababu nilikuwa na haraka. Maonyesho ya wilaya yalikuwa yanakaribia, na nilitaka kumtenga Gavana kwenye tundu lake nimpake samli kwenye kilemba. Siku ilipofika nikampeleka mjini Bukoba. Akashinda! Bwana shamba wa Kizungu alimgeuza huku na huku, akasema hajaona kilemba kama kile, akamfunga utepe wa buluu. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli nikiimba, Gavana nyuma, utepe shingoni mwangu.

Uani nikakuta yule mtetea anachakura, na nyuma yake vifaranga kumi. Nikavihesabu mara mbili. Baadhi vilikuwa na kilemba bapa, baadhi msumeno. Kando yao alisimama jogoo mwekundu mwenye msumeno mrefu kichwani, ndugu yake Gavana kabisa, mmoja wa wale niliowahukumu chungu. Shangazi alikuwa amemficha kwa jirani mwaka mzima, na yule mtetea akampeleka akaatamie huko huko.

"Na wewe umeleta nini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha utepe. Akaushika, akaupindua.

"Mzuri," akasema. "Basi uatamishe tuone."

Mwanangu, kwetu mwanamke ndiye anayepiga magoti kumsalimu mwanamume. Siku ile nilipiga mimi, pale uani, mbele ya baba na jirani. Nikamwomba radhi kwa neno lile na kwa wale wawili.

"Inuka, utachafua suruali ya chuo," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Wale wawili walikuwa wazazi wazuri." Akageuka, akaingia jikoni, na nilimsikia akipenga kamasi.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wafugaji wa mbali wanalijua jambo hili. Jogoo aliyerithi kilemba bapa kwa baba na kwa mama pia, mara nyingi mbegu yake huwa dhaifu. Aliyekirithi upande mmoja tu, kama baba yake Gavana, hana shida, na wenye msumeno hawana shida. Ukiwaondoa wenye msumeno wote ili aina iwe safi, unaondoa uzazi wenyewe kidogo kidogo. Shangazi hakusoma popote. Alipasua yai, akalinusa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa sikiliza ninalokuambia. Usimrudishe binti wa watu. Nendeni hospitali ninyi wawili, na wewe ndiye utangulie kuingia, upimwe kwanza. Ikionekana tatizo liko kwako, waambie wazee kwa mdomo wako mwenyewe, usimwachie yeye alibebe. Likiwa kwake, au lisionekane popote, bado ni mkeo. Hukumwoa kwa hesabu ya vifaranga. Wazee wakikubana, waambie waje kwangu. Nina hadithi ya kuku nitakayowasimulia, na utepe wa buluu ninao bado.

Nakuombea nyumba yenu ijae sauti, za watoto wenu Mungu akipenda, au za wageni na watoto wa wengine akipenda vingine. Na mkeo azeeke mlangoni pako, asirudi kwao na kikapu.