Msikiti Uliokaa Mshazari

Neno mraba nililijua kwa vidole kabla sijalijua kwa masikio. Baba yangu alikuwa mshona kanzu mjini Tabora, na kila kanzu, chini ya kila mkono, hutaka kipande kidogo cha kitambaa chenye pande nne sawa kiitwacho kikwapa. Nilivikata vipande hivyo kutoka kwenye masalio. "Kikunje, pembe ikutane na pembe," baba alikuwa akiniambia. "Isipokutana, mwenye kanzu akiinua mikono kuomba dua, itamchanika."

Kwenye chuo cha Kurani nikakutana na neno lenyewe. Maalim wetu aliandika nne ya Kiarabu ubaoni, arbaa, akatuonyesha kuwa mraba umezaliwa humo. Alisema lilikuja bara kwa miguu, pamoja na misumari, karatasi na chokaa, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Huku lilikuta watu wenye nyumba zao: misonge ya duara, na matembe yenye pembe nne ambayo hayakuwahi kuhitaji neno la mgeni ili yasimame. Kwa hiyo lilifanya kazi yoyote liliyopewa. Mama aliita mraba tuta lake la mchicha. Karani wa zamani aliita mraba mstari aliouchora kwa rula. Wazee waliotokana na wapagazi walisema mtu wa miraba minne, maana yao ni mwanamume mwenye mabega ya kubeba mzigo wa pembe za ndovu mpaka baharini. Baadaye shule ikatufundisha kwamba mraba ni umbo lenye pande nne zilizo sawa na pembe nne zilizo sawa, na kama pande zimezidiana basi huo ni mstatili. Sikuona ugomvi wowote. Shule ilitaka kupima, mama alitaka mchicha.

Maalim huyohuyo alikuwa fundi mwashi. Asubuhi alijenga, jioni alisomesha Kurani, na mimi nilimfuata kotekote. Alinipa kamba yenye mafundo yaliyopishana sawasawa: nafasi tatu upande huu, nne upande ule, tano wa kufungia, na pembe inayotoka hapo haina haja ya kubishaniwa. Akanifundisha pia kupima ulalo. Unavuta kamba kutoka pembe moja ya msingi mpaka pembe inayoitazama, kisha unavuta zile mbili zilizobaki. Pande zikiwa sawa na kamba hizo zikilingana, una mraba. Zisipolingana, una kazi ya kurudia.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ilipofika, watu walihamishwa kutoka mashambani wakapangwa kando ya barabara. Kijiji kimoja kipya, upande wa Usinge, kilikuwa na Waislamu wa kutosha kujaza safu kadhaa, nao wakamwomba Maalim awajengee msikiti. Akanituma mimi.

"Utakwenda peke yako," alisema. "Nitakuja Ijumaa moja kuswali na kuangalia. Ukijenga vizuri, kazi za Itetemia nitakuachia wewe."

Itetemia, pembezoni mwa mji, nyumba zilikuwa zikiota kila mwezi. Kwa kijana aliyekuwa anataka kuoa, ahadi ile ilikuwa maisha mazima. Nikafunga mwiko, timazi na kamba yangu ya mafundo, nikapanda lori.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mmoravian, mwembamba, mwenye bidii, mpenda mistari. Viwanja vyote alivipima mwenyewe kwa hatua, kila kimoja mraba, vyote vikitazama barabara. Alinionyesha cha msikiti akasema, "Ndugu fundi, hapa nataka nyumba ikae kama askari kwenye gwaride."

Barabara yenyewe ilikuwa ile njia ya zamani ya misafara, iliyopanuliwa ili malori yapite. Na hapo ndipo nilipokosea, kosa ambalo mtu wa Tabora tu anaweza kulifanya. Tangu utotoni nilisikia kwamba njia ile inatoka mawio kwenda machweo. Nyumbani kwetu, mgeni akiuliza kibla, baba alimsimamisha uani na kumwambia, "Bega la kulia Bagamoyo, bega la kushoto Ujiji, hapo ulipotazama swali." Kibla yetu iko kaskazini, na mjini hilo lilikuwa linatosha. Maalim alikuwa amenifundisha njia ya kutafuta kibla kwa kivuli cha jua, lakini sikuona sababu ya kusumbua jua wakati barabara ipo. Nikavuta uzi sambamba na barabara, nikapiga vigingi, nikapima ulalo. Ukalingana hadi upana wa kidole. Nilijiona mtu.

Kijiji kizima kilibeba mawe. Siku za kazi zilikuwa za wote, kwa hiyo Wakristo waliochimba msingi wetu walikuwa wengi sawa na sisi, nasi tulikuwa tumewasaidia kufyatua matofali ya kanisa lao. Wanawake walichota maji bondeni. Msingi ulipotoka juu ya ardhi na kusawazishwa, wazee wakasema tuswali Alasiri humo ndani kwa kutafuta baraka. Tukatandika mikeka. Wanaume mbele, wanawake nyuma.

Tulipomaliza, bibi mmoja mzee aliniita pembeni. Alikuwa mjane aliyehamishwa kutoka karibu na msitu, na kwa kuwa ndiye aliyewafundisha watoto wengi wa kule kusoma juzuu, watu walimheshimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mtu wa miraba minne wewe, mjini wamekulisha vizuri. Macho nayo yanaona?"

"Yanaona, bibi."

"Basi mbona leo jua limeniingia jichoni? Kule nilikotoka, Alasiri jua linanikaa huku." Akagusa sikio la kushoto. "Leo nimeswali nimekunja uso kama nimelamba ndimu."

Nikacheka. "Kiangazi jua linahama, bibi."

"Linahama, nimelima chini yake mama yako hajazaliwa. Linahama kidogo. Halitoki sikioni likaja kukaa puani." Akakunja mkeka wake. "Sijamwambia mtu. Kazi ni yako, nimekwambia wewe."

Kesho yake nilisimika mti ulionyooka kwenye uwanja mtupu na kuchora duara kuuzunguka kwa kamba. Asubuhi, ncha ya kivuli ilipofika kwenye duara, nikaweka jiwe. Alasiri, ilipolifikia tena upande wa pili, nikaweka jiwe la pili. Nikaunganisha mawe kwa uzi, na uzi ule ndio mashariki na magharibi, bila kuuliza njia ya mtu yeyote. Nikasimama juu yake nikaitazama barabara. Ilikuwa inaniacha. Pale kijijini ilipinda kuelekea kusini ili izunguke mbuga yenye matope, kisha mbele zaidi ikarudi. Wapagazi wa zamani walikuwa wanaikinga miguu yao na maji, na mimi nilikuwa nimewaswalisha watu kwa kufuata miguu ya wapagazi.

Nikarudi kwenye msingi na kupima tena. Pembe zote nne zilikuwa halali. Ulalo ulilingana kama siku ya kwanza. Mraba ule haukuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba haukutazama kibla.

Nilijua kuna njia nyepesi. Unaweza kuiacha nyumba ilivyo na kuchora safu za mshazari sakafuni, watu wakageuka humo ndani. Dini inaruhusu, na nimeona misikiti ya namna hiyo. Njia nyingine ilikuwa kunyamaza. Maalim angekuja mchana, wakati wa Ijumaa, jua likiwa juu, na kama asingeshuku asingeona. Ningepata Itetemia. Lakini watu wale walikuwa wameniuliza, "Fundi, kibla ni huku?" na mimi nikajibu ndiyo, kwa sauti kubwa. Jibu hilo walikuwa wanalisujudia mara tano kwa siku. Hata kama ningechora safu za mshazari, ilibidi kwanza niseme kwa nini. Nilipoona kwamba kusema hakuepukiki, mzigo ukawa mwepesi. Nikalala vizuri.

Baada ya swala ya alfajiri nikasimama mbele yao. Nikasema, "Kibla niliyowapa si sahihi. Nilipima kwa barabara, na barabara imepinda. Naomba radhi. Naomba tuuhamishe msingi kabla ya mvua."

Mmoja akalipuka. "Mawe yote yale! Mgongo wangu huu nimeuvunjia nini?"

"Fundi wa mjini huyo," mwingine akasema. "Tungemchukua wa hapahapa akatukosea bure."

Jirani Mkristo aliyekuwa anapita na jembe alisimama kusikiliza. "Njooni kwetu," akawaambia. "Sisi tunaomba upande wowote, hakuna wa kutufukulia msingi."

"Wewe pita," wakamjibu, "kanisa lenu lenyewe bado linanyeshewa!" Watu wakacheka, na hasira ikapungua makali.

Yule bibi alisema neno moja tu. "Mawe hayajaliwa na mchwa. Yapo. Yahamisheni." Akaenda zake kuchota maji.

Aliyebaki ni mwenyekiti. Huyo nilimwogopa kuliko wote, kwa sababu mistari ilikuwa furaha yake.

"Mshazari?" aliuliza. "Ndugu fundi, wakubwa wa wilaya watakuja kukagua! Nyumba hamsini zimenyooka, moja imewapa mgongo?"

"Kiwanja hakiguswi, ndugu mwenyekiti. Kitabaki mraba kama ulivyokipima. Nyumba itageuka ndani yake."

"Itatosha?"

"Nitaipunguza hatua moja kila upande."

Alikizunguka kiwanja akihesabu hatua, midomo ikicheza. Alipofika mwanzo akasema, "Pembe ikitoka nje ya mpaka hata kwa kidole, naivunja kwa mkono wangu." Siku ya kuvuta uzi alikuja na kidole chake. Pembe zote nne zilikuwa ndani, moja kwa shida.

Maalim alifika Ijumaa akatukuta kwenye mtaro wa msingi mpya. Nilitoka nikiwa na matope mpaka magotini, nikamweleza yote, hata lile la kufikiria kunyamaza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipima nini kwanza?"

"Barabara."

"Mimi nilikufundisha barabara?"

"Hapana, Maalim."

Alipandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akaingia mtaroni na kupokea mawe mpaka wakati wa swala. Jioni, akisubiri lori, aliniambia Itetemia mwaka ule angeiendesha mwenyewe. Niliitikia vizuri. Ilikuwa haki, na haki ikitoka kwa mtu uliyemwona na matope yako miguuni mwake haichomi sana. Aliniachia kazi hizo msimu wa pili, nami nikaoa msimu wa tatu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa ucheleweshaji ule, kwa sababu mke niliyempata baada ya kungoja ndiye niliyezeeka naye.

Msikiti ulisimama kabla ya mvua. Kwa kuwa ulikaa mshazari ndani ya kiwanja, ulibakiza vipande vinne vya pembetatu, kimoja kila pembe, ambavyo hakuna ramani iliyoviagiza. Kijiji kilivigawa bila mkutano. Kimoja tukajenga mahali pa kutawadhia kwa matofali yaliyobaki kwa kupunguza zile hatua. Kimoja wanawake wakapanda mchicha, na mama yangu angeliona tuta lile angeliita mraba bila wasiwasi wowote. Cha tatu tuliweka jeneza la msikiti chini ya kibanda. Cha nne, kilichotazama barabara, kikawa mahali pa majirani Wakristo kukaa kwenye misiba yetu, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka benchi hapo.

Wakubwa wa wilaya walikuja wakati napiga lipu upande wa nje. Mkaguzi, mwenye daftari na suti ya kaki, alisifu safu za nyumba moja baada ya nyingine, mwenyekiti akitembea pembeni yake kifua mbele. Walipofika kwetu alisimama.

"Hii vipi? Fundi wenu alilewa?"

Nikashikilia mwiko. Nilikuwa tayari kushuka na kueleza, kama nilivyowaeleza wengine. Mwenyekiti akaniwahi.

"Hiyo imetazama kibla, ndugu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeswali humo maisha yake yote. "Hizi nyingine zote ndizo zimetazama barabara."

Mkaguzi akatazama huku, akatazama kule. Kisha akafunga daftari na kuomba maji ya kunywa, na yule bibi akamletea.