Aliyehamia Karibu na Dawa

Mimi si mwepesi wa kusifu watu. Mjukuu anayeniandikia haya, kwa kuwa mimi skuli sikuingia, analijua hilo vyema. Lakini jirani yangu wa Al Amerat, mtaa wetu wa nje ya mji, namsifu, na aandike kama nnavyosema, asipambe.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumba zetu za Amerat zikingali mpya. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa kwake, wanawake wa mtaa, tukinywa kahawa. Mara mwanawe, kijana aliyekwisha kuanza kazi serikalini, akakutwa chumbani kalala chali. Midomo ilikuwa imeingia weusi, na pumzi ikija moja kisha ikikawia.

Katika familia zetu jambo kama hilo lilikuwa na utaratibu wake. Mlango hufungwa, ubani hufukizwa, husomwa Yasin, na husemwa kwamba mtoto kapigwa jicho. Akifikishwa hospitali, hufikishwa kachelewa, na daktari akiuliza huambiwa kaanguka tu. Vijana wangapi tuliwazika kwa jicho hilo, sisemi.

Wifi yake akaja na chetezo. "Funga mlango," akanambia, "watu wasisikie."

Mama mtu akamshika mkono. "Kiondoe hicho, wifi. Si jicho. Mwanangu katumia unga."

Aliyasema hayo mbele yetu sote, na vikombe bado tumevishika. Tukambeba kijana mpaka garini, mimi nikakaa nyuma nimepakata kichwa chake, na mama akaendesha mwenyewe kwa njia ile ya bondeni, baina ya milima, iliyokuwa ndefu kuliko nilivyopata kuijua.

Mlangoni mwa hospitali hakungoja kuulizwa. Alimwambia daktari kwa Kiarabu kile alichotumia mwanawe, na kwamba kajidunga. Daktari akamchoma sindano, na kabla sijamaliza dua niliyokuwa nikiisoma, kijana akavuta pumzi, akafumbua macho, na akaanza kutugombeza kwa nini tumemwamsha.

"Ungalisema kaanguka," daktari akamwambia mama, "ningalikuwa bado natafuta ugonjwa."

Wakamlaza, kwani dawa ile huweza kuisha nguvu na sumu ikarudi. Mama akaomba apewe japo kichupa kimoja akiweke nyumbani, palipo na Panadol. Daktari akakataa kwa upole: dawa hiyo haitoki hospitali, na katika maduka ya dawa haiuzwi.

Haukupita muda mrefu mama akaipangisha nyumba yake, yenye ua na mlimau alioupanda mwenyewe, akahamia vyumba viwili vya juu, mbele ya hospitali ile.

"Watu huhamia karibu na soko," wifi yake akamcheka. "Wewe wahamia karibu na hospitali. Wangojea nini huko, jeneza?"

"Nangojea mwanangu azeeke."

Kijana aliurudia unga akazimia tena, kama inavyowapata wengi. Safari hiyo njia ilikuwa ya kuvuka barabara tu. Alipona, na baada ya hapo, kwa taabu na kwa kurudi nyuma mara kadhaa, akaiacha sumu ile. Alioa, na harusi yake niliihudhuria.

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa imesonga, yeye mwenyewe alikuja kunitaka nimsemeshe mama yake arejee Amerat. Ngazi zilimchosha, na nyumba, wapangaji walikwisha kuondoka, ilikuwa tupu ikimngoja. Nikaenda, nikamsema kama mkubwa anavyomsema mdogo wake, na akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Dada, hiyo dawa siku hizi inauzwa Amerat?"

"Haiuzwi," nikamwambia.

"Basi kunywa chai yako."

Nikainywa. Dirishani kwake mlango wa hospitali ulionekana wote, na kiti chake alikuwa amekielekeza huko.