Kazi ya Mutuku Iliyopanuka Hadi Athi River

Kwa miaka kumi na mmoja Mutuku alishona mifuko ya sare za wauguzi, mmoja wa kifuani na miwili ya ubavuni, katika kiwanda kimoja cha Garland, nje kidogo ya Dallas. Mkewe Celestine, ambaye ni muuguzi, alimsihi kila mwaka aachane na cherehani akasomee kazi ya hospitali kama Wakenya wenzake wa kanisani. Kila mwaka Mutuku alimwuliza: sasa nyinyi kalamu mtaweka wapi?

Mapema mwaka 2021 meneja alimwita ofisini na kumkaribisha kahawa, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Wewe ni Mkenya, sivyo? Kiswahili unakijua vizuri?"

Mutuku akasema anakijua. Meneja akafurahi sana. Kampuni ilikuwa inapanuka kuelekea Athi River, akaeleza, na ilihitaji mtu wa kuwafundisha mafundi wapya kwa video. Mutuku alizaliwa Machakos, si mbali na huko, na hakuweza kuficha kwamba aliona fahari. Kwa wiki sita alikaa mbele ya kompyuta akionyesha jinsi ya kukunja pindo na kukaza kona ya mfuko isifumuke. Mwanafunzi wake hodari kuliko wote alikuwa Kezia, binti ya dada yake, ambaye hakujua kabisa nani angemfundisha.

"Anko, kumbe ni wewe," Kezia alisema siku ya kwanza. "Mama amekuwa akiniombea nipate kazi ya Wamarekani."

"Mwambie maombi yake yamefika," akajibu Mutuku.

Wiki ya saba alipewa cheti chenye fremu, kikimshukuru kwa mchango wake mkubwa katika kuhamishia uzalishaji Kenya. Pamoja nacho alipewa barua ya kuachishwa kazi. Wenzake arobaini walipata barua tu.

Charlotte, Mkongo aliyekaa cherehani ya jirani, alimfuata kwenye maegesho ya magari.

"Papa Mutuku, umefundisha vizuri sana," alisema. "Ungefundisha vibaya kidogo, leo tungekuwa bado tunashona."

Ila Charlotte hakuwa amekuja kumsuta tu. Alikuwa amesikia kwamba serikali ina msaada kwa watu ambao kazi zao zimechukuliwa na biashara ya nje: masomo, na posho wakati wa kusoma. Ombi lilihitaji sahihi za wafanyakazi watatu. Wakasaini Charlotte, Mutuku na mwenzao Omer, wakalipeleka kwenye ofisi ya ajira.

Huko walipokewa na mshauri aitwaye Sheldon, kijana mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Baada ya wiki tano akamwita Mutuku peke yake.

"Wachunguzi wameuliza kampuni yenu," alisema. "Inasema haikuhama. Inasema imepanuka."

"Imepanuka mpaka huku hakikubaki kitu."

"Una ushahidi kwamba kazi imehama?"

"Mimi ndiye niliyeihamisha."

Sheldon akaacha kuandika. Akafunua fomu ukurasa baada ya ukurasa. Ilikuwa na sehemu ya bidhaa kutoka nje, sehemu ya washindani, na sehemu ya wateja waliopotea, lakini haikuwa na sehemu ya mwombaji aliyeihamisha kazi yake mwenyewe. Mutuku akaenda garini, akarudi na cheti chake. Sheldon alikisoma mara mbili, kisha akakitoa nakala pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma ulikuwa mweupe.

Ombi lilikubaliwa kabla ya mwezi kuisha. Charlotte alimpigia simu kusema kwamba, kwa kweli, Papa Mutuku alifundisha inavyotakiwa.

Kilichofuata ni kupimwa vipaji. Mutuku alifanya mtihani wa saa tatu, na majibu yalionyesha kwamba ana kipaji kikubwa cha kazi za mikono, hususan ushonaji.

"Bahati mbaya," Sheldon akamwambia, "ushonaji hauna mustakabali hapa. Kazi zinakwenda nje."

"Nimesikia," Mutuku akasema.

Kwa kuwa fomu ilimtaja kuwa mfanyakazi wa kiwandani, alilazimika kwanza kuhudhuria darasa la kujifunza kuwasha kompyuta na kuzungumza kwa video. Alihudhuria siku zote nne, akapata cheti kingine. Kisha akachagua kusomea ufundi wa kutengeneza mashine za hospitali, kozi ya miaka miwili. Celestine alipoambiwa hakusema "nilikuambia". Alipika pilau siku ya Jumanne, na Mutuku akaelewa.

Alikuwa katikati ya mwaka wa pili Kezia alipopiga simu. Kazi ya Athi River ilikuwa imepanuka tena, kuelekea nchi nyingine. Kezia mwenyewe ndiye aliyechaguliwa kufundisha.

"Anko, ile fomu mliyojaza," aliuliza, "sisi tunaipata wapi?"

Mutuku akampelekea Sheldon swali hilo, maana alimheshimu mshauri huyo. Sheldon alitafuta kwenye kompyuta kwa dakika nyingi, akaja na jibu kwa masikitiko ya kweli: Kezia angestahili, ila angepaswa kuwa amepoteza kazi hiyo Texas. Mutuku alimrudia mpwa wake akamwambia ukweli, na hakuna siku aliyoona aibu kama hiyo, ingawa hakuwa amemkosea mtu. Tangu mwezi huo akawa anamlipia karo ya chuo cha ufundi cha Machakos, yeye na Celestine, bila fomu yoyote.

Leo Mutuku anatengeneza pampu za dripu na vitanda vya umeme katika hospitali moja ya Houston. Wamehamia Pearland, mji wa jirani, na Celestine yuko wodi ya ghorofa ya juu katika hospitali hiyo hiyo. Kitanda kikikwama, wauguzi humpigia simu Mutuku, naye hupanda na bisibisi zake, akapiga magoti na kuanza kufungua skrubu.