Nilisaini karatasi za vipimo vya redio za Ulaya kabla ya kupima, bosi wangu wa Dubai akazitumia

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Hili sikusimuliwa na mtu, limenikuta mwenyewe hapa Dubai. Nimeliandika mara mbili nikafuta kwa hasira. Leo sifuti. Na chumvi sitii, lenyewe linawasha vya kutosha.

Kidogo kuhusu mimi. Natokea Dodoma, nina diploma ya mawasiliano. Huku nilianza kama mlinzi, miaka miwili nimesimama mlangoni nawafungulia watu wanaopita bila hata kuniangalia. Baadaye nikapata kazi ya ufundi kwenye kampuni ndogo mtaa wa Al Mankhool, ghorofa ya pili juu ya duka la mapazia. Nilipompigia mama simu alipiga vigelegele. Mwanawe fundi, na jina lake linaandikwa kwenye karatasi zinazokwenda Ulaya!

Likumbukeni hilo la jina.

Kampuni ilikuwa inanunua redio za kurusha intaneti, zile zinazofungwa juu ya mapaa. Tunabandika nembo yetu, tunapima, tunapeleka Ulaya. Ofisi nzima tulikuwa watatu: mimi, Mercy ambaye ni dada wa Kenya anayeshughulikia makaratasi, na bosi tunayemwita Sir.

Sasa, Ulaya wana sheria zao. Kuna masafa yanayotumiwa na rada za hali ya hewa, zile zinazoangalia mvua na dhoruba. Redio kama zetu zinaruhusiwa kuyatumia masafa hayo hayo, ila kwa sharti. Ikiwashwa, inyamaze kwanza isikilize kama kuna rada. Ikiisikia, ihame. Kwenye masafa mengine inasikiliza dakika moja, kwenye mengine dakika kumi nzima.

Najua kuna watu humu wataanza na "wazungu na masharti yao." Acheni bwana. Hewa ni moja na rada ilikuwepo kabla yako. Hiyo ni kupiga hodi tu, na sidhani kama kuna mtu humu anaingia sebuleni kwa watu bila hodi.

Turudi kazini. Kila redio ilitoka na karatasi yake ya vipimo: namba ya redio, maneno kwamba imepimwa na imeachwa kwenye mpangilio wa Ulaya, halafu jina langu na saini yangu.

Kusubiri dakika kumi kwa kila redio ni kazi ya kukesha. Nikagundua njia ya mkato. Kwenye menyu ya fundi kuna mpangilio unaitwa Test, ukiuweka redio haisikilizi chochote, inarusha papo hapo. Naweka Test, naona kama inarusha vizuri, narudisha mpangilio wa Ulaya, nafunga boksi. Hapo sikuona tatizo, maana nilikuwa narudisha kila mara.

Kosa langu liko kwenye karatasi.

Kila asubuhi, chai ikiwa mkononi, nilikuwa nachukua rundo la karatasi tupu nazisaini zote. Namba za redio najaza baadaye, kwa kubandika stika tu. Nilijiona mjanja kweli, naokoa muda. Mercy aliniona siku moja akashtuka.

"Wewe, unasign form zikiwa blank? Hii itakuletea shida, aki."

Nikacheka. Nikamwambia zinakaa kwenye droo yangu, nani atazigusa.

Basi, wateja wakaanza kulalamika kwamba umeme ukikatika, redio zinachukua dakika kumi kurudi hewani. Sir akaja mezani kwangu.

"Leave it on Test. Customer happy, khalas."

Nikamweleza kwamba hairuhusiwi, zitaingilia rada. Akanitazama kama mtoto anayesumbua, akasema "okay, okay, yalla, work." Nikadhani yameisha.

Wiki ile ile niliomba ruhusa ya siku moja kushughulikia pasipoti. Nilivyorudi nikakuta mzigo mzima umeshafungwa na umeondoka. Sir akasema yeye na dereva wake wamenisaidia. Mimi mpumbavu nikashukuru! Droo sikuiangalia.

Miezi ikapita. Siku moja ikaja email kutoka kwa mteja wa Ulaya. Wataalamu wao wa hali ya hewa walikuwa wanaona mstari mnene kwenye picha ya rada, kana kwamba upande ule kuna mvua isiyokatika. Wakaufuata ule mstari mpaka kwenye paa la hoteli moja. Wakakuta redio yetu. Mteja akaturudishia redio ile pamoja na karatasi yake.

Jina langu. Saini yangu.

Sir akaniita. Barua alikuwa ameshaichapa: kwamba nilisahau kurudisha mpangilio, ni uzembe wangu peke yangu, kampuni haikujua. Akanisogezea kalamu.

"Sign, you keep your visa."

Alisema kwa upole kabisa, kama anaagiza chai ya karak. Ile kalamu sikuigusa, wakuu.

Nikasema naomba kwanza niione redio. Nikaiwasha mbele yake, Mercy akiwa amesimama pembeni. Redio huwa inaweka kumbukumbu ya kila mabadiliko. Ikaonyesha imewekwa Test siku ile niliyokwenda kwenye mambo ya pasipoti, na haikurudishwa tena. Mercy akatoa faili, fomu yangu ya ruhusa ikawa na tarehe ile ile.

Sir hakushtuka hata kidogo.

"Who will read that? The paper is your name."

Kilichonichemsha ni kwamba alikuwa anasema kweli.

Sikusaini. Jioni ile nikamwandikia mteja mwenyewe, nikamtumia kumbukumbu za redio, na nikaeleza kila kitu pamoja na ujinga wangu wa kusaini karatasi tupu. Mzigo wote wa siku ile ukaagizwa urudishwe. Visa yangu ikafutwa kabla wiki haijaisha. Mercy alinisindikiza hadi kwenye lifti na wala hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema.

Sasa niko Al Nahda, chumba tunalala watu sita, nahesabu siku nilizobakiza kupata kazi nyingine au kurudi Dodoma. Mama bado anawaambia majirani mwanawe ni fundi.

Jana mteja akajibu. Amenishukuru kwa ukweli wangu, halafu akauliza swali moja: karatasi ngapi nyingine nilizisaini zikiwa tupu, ili wajue redio zipi wazishushe kwenye mapaa?

Tangu jana sijamjibu. Jibu lenyewe ni zote. Hakuna hata moja niliyosaini baada ya kupima. Nilizozipima kweli na alizozitoa Sir kwenye droo zina saini ile ile, sijui droo hiyo aliifungua mara ngapi, na mimi mwenye saini siwezi kuzitofautisha.

Kwa hiyo funzo langu ni dogo: pima, jaza, ndiyo usaini. Hata kama bosi amesimama nyuma yako anahema.

Wa kunitukana karibuni, nimestahili. Ila kabla hujaandika, niambie kwanza kazini kwako kuna karatasi ngapi zenye jina lako ambazo hujawahi kuzisoma. Halafu nisaidieni, huyu mteja nimjibuje?