Kilima Nilichopanda Mara Mbili

Leo nimepanda kilima kimoja mara mbili, na ile ya kwanza siihesabu.

Mjomba wangu fundi kanichomelea baiskeli ya magurudumu matatu, unakanyaga huku umeegemea nyuma, maana mguu wangu wa kushoto hauna nguvu. Nilitaka niipandishe mwenyewe kilima cha ile njia ya zamani ya misafara, nje ya Tabora.

Nikiwa katikati ya kilima, jasho tupu, baiskeli ikawa nyepesi ghafla.

Nageuka, baba mmoja muuza mkaa ananisukuma! Baiskeli yake kailaza njiani.

“Shikamoo,” nikasema. (Ndiyo, nilimwamkia. Nina aibu jamani.)

“Marahaba, binti. Kanyaga tu, nipo.”

Shuleni nimefundishwa kukataa kwa lugha mbili. Nikakanyaga tu.

Akanifikisha juu. “Haya, umeshinda!”

Nimeshinda nini sasa?

Nikamshukuru, nikageuza, nikashuka hadi chini kabisa.

“We binti! Umesahau nini huko?”

“Sijasahau kitu, baba! Napanda tena. Naomba usinisukume!”

Ni mimi niliyepiga kelele hivyo. Mimi!

Nimepanda polepole, mguu unatetemeka. Nilipofika juu bado alikuwepo, mikono kaizuia mfukoni.

Mniite mkaidi. Leo nitaitika.