Kadi Iliyoandikwa "Shukrani"

Katika ukumbi mmoja pale Bagara tulikaa duara, wakulima na wafugaji, tujadili ng'ombe wanaoingia mashambani. Kila mtu angesema kwa zamu, na mwendeshaji wa kikao angeandika hoja yake kwenye kadi na kuibandika ukutani. Bibi mmoja mkulima akaeleza kwa Kiiraqw, lugha yetu, jinsi maharage yake yalivyoliwa mara mbili, na alipokwenda kulalamika kwa wenye ng'ombe akafukuzwa.

Mkalimani akasema kwa Kiswahili, "Bibi anashukuru kualikwa."

Ikaandikwa "Shukrani".

Nilisimama. "Hajashukuru!"

"Mama, subiri zamu yako," mwendeshaji akanikatiza.

Zamu gani, na ya bibi imeshaibwa? Niliibandua kadi ile, nikaandika maneno yake mwenyewe, nikamsomea kwa lugha yetu.

Akasema, "Ongeza kwamba walinicheka."